Kwa nini Wajerumani hawakufukia mabomba?

SWALI: Shikamoo mzee. Mdogo wangu anasoma Dortmund, Ujerumani. Anasema mto Emscher unaopita kule ulibeba maji ya vyoo na viwanda zaidi ya miaka mia moja, wazi kabisa, unanuka. Watu waliotujengea reli hadi Kigoma walishindwaje kufukia mabomba?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya maji hapa Kigoma hadi kustaafu, na swali lako limenigusa.

Ardhi ndiyo iliyowakatalia. Bonde lile lilijaa makaa ya mawe, na yakishachimbwa, ardhi ya juu hutitia. Bomba likiwa chini, maungio yanaachia, mteremko unapotea, uchafu unarudi majumbani. Mfereji wa wazi ukibomoka unaonekana na unatengenezeka. Ndiyo maana mwaka 1899 miji, migodi na viwanda viliunda ushirika, Emschergenossenschaft, mto ukanyooshwa na kusakafiwa zege. Ardhi iliendelea kutitia hadi mdomo wa mto ukahamishwa mara mbili, 1910 na 1949, ili maji yapate mteremko wa kuingia mto mkubwa wa Rhine. Hata leo yapo maeneo ambayo pampu zikizimwa yatageuka ziwa.

Machimbo yalipohamia kaskazini, ardhi ikatulia. Kazi ya kuurudisha mto ilianza mwaka 1992. Bomba kuu lina urefu wa kilomita 51, kutoka Dortmund hadi Dinslaken, na kwa kuwa nchi ni tambarare, lazima pampu ziinue maji taka njiani. Mwishoni mwa 2021 mto ukaacha kupokea maji taka. Gharama yote inapita euro bilioni tano.

Sisi hatuna kisingizio hicho. Kigoma ni mteremko mtupu na hakuna mgodi chini yetu. Kinachoniuma ni kutapisha vyoo: mvua ikikolea, mtu anatoboa shimo lake kwa sululu, kinyesi kinashuka na mtaro hadi pale kina mama wanapooshea dagaa. Emscher angalau unaishia Rhine, na Rhine baharini. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake hukaa ziwani mamia ya miaka.

Ukimwona jirani anatapisha, mwite mwenyekiti wa mtaa mvua ikiwa bado inanyesha. Ikishakatika, mtaro umeoshwa na hutakuwa na cha kumwonyesha.