Saa 13 kwenye kiti kimoja: maswali yenu kuhusu safari ndefu za ndege

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kuruka masafa marefu katika daraja la kawaida. Tumechagua saba. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito: suala la miguu na damu, kwa mfano, hatukutaka kulipita haraka.

SWALI: Nina urefu wa sentimita 188 na nimekata tiketi ya safari ya saa 13. Ramani ya viti imefunguka mtandaoni. Nikae wapi?

Kwanza angalia utasafiri na ndege ya aina gani. Kwa kawaida huandikwa kwenye tiketi. Airbus A330 huwa na viti 8 kwa safu, yaani 2, 4 na 2. A350 na Boeing 787 huwa na 9, tatu tatu. Boeing 777 nyingi siku hizi zina 10, yaani 3, 4 na 3, na hapo ndipo mabega hugusana, kwani kiti hushuka hadi karibu sentimita 43 kwa upana. Kwenye A330 na A350 hukaribia 45 au 46. Sentimita 2 zinaonekana kidogo ukizisoma, lakini kufikia saa ya 9 mwili unazihisi.

Kipimo cha pili ni umbali kati ya safu na safu, ambao katika daraja hili huwa sentimita 76 hadi 81. Umbali huo hupimwa kutoka nukta moja ya kiti hadi nukta ileile ya kiti cha mbele, kwa hiyo unene wa mgongo wa kiti umo ndani yake. Ndiyo maana ndege yenye viti vyembamba na sentimita 79 inaweza kukupa nafasi kubwa ya magoti kuliko yenye viti vinene na sentimita 81.

Kwa urefu wako, safu ya mlango wa dharura ndiyo bora, ila ujue masharti yake. Meza huwa imefichwa ndani ya mkono wa kiti, hivyo mkono haunyanyuki na kiti hubana zaidi nyonga. Begi lote hupanda juu wakati wa kuruka na kutua. Karibu na mlango miguu hupata baridi, na kile kiti cha dirishani mara nyingi kina uvimbe wa mlango unaoziba njia ya mguu mmoja. Wahudumu watakuuliza pia kama uko tayari na una uwezo wa kusaidia kufungua mlango, ukisita, watakuhamisha.

Safu ya kwanza yenye ukuta mbele haikufai. Magoti yana nafasi, lakini miguu haiwezi kunyooka kupita ukuta, na ndipo wanapowekwa watoto wachanga. Safu ya mwisho iepuke: viti mara nyingi havilali nyuma vya kutosha na foleni ya choo husimama begani mwako.

Ukikosa ya dharura, chukua kiti cha njiani katika kundi la katikati. Kwenye safu ya 3-4-3, anayekaa njiani upande wa dirisha huamshwa na watu wawili kila wanapotaka kutoka. Anayekaa njiani katika lile kundi la wanne huamshwa na mmoja tu. Ukishakaa, papasa chini ya mkono wa kiti ulio upande wa njia, karibu na pale unapojikunja kwa nyuma. Kwenye ndege nyingi kuna kitufe au kijiti kidogo. Ukikibonyeza, mkono huo hunyanyuka na unaweza kugeuza magoti kidogo kuelekea njiani. Urudishe chini wakati wa kuruka, wa kutua na mkokoteni wa chakula unapopita.

SWALI: Mimi ni mfupi, sentimita 155. Kila nikishuka kwenye ndege miguu imevimba hata viatu haviingii. Nimesikia damu inaweza kuganda. Nimeze aspirini?

Dada, tutenganishe mambo mawili. Kuvimba miguu yote miwili sawasawa, kukaisha baada ya siku moja au mbili, ni jambo la kawaida. Damu hurudi juu kutoka miguuni kwa kusukumwa na misuli ya mashavu ya miguu, yaani nyama ya nyuma chini ya goti. Misuli ikilala, damu hutuama, na maji yake hupenya na kuingia kwenye nyama za kifundo cha mguu.

Donge la damu kwenye mshipa wa ndani ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: hatari huongezeka mara mbili hadi tatu kwa safari inayozidi saa 4, iwe ya ndege, basi, gari au treni, kwa sababu kiini chake ni kukaa bila kujongea. Hata hivyo kwa mtu mwenye afya hubaki kuwa takriban mtu 1 kati ya 6,000. Utafiti huohuo uliwataja watu wenye urefu chini ya sentimita 160 na zaidi ya 190 kuwa katika hatari kubwa kidogo, pamoja na wanene kupita kiasi na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Aliyewahi kupata donge, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani na mjamzito wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Tatizo lako wewe mfupi ni ukingo wa kiti. Miguu isipokanyaga vizuri, uzito wote wa paja hukalia ukingo ule, nao hubana mishipa nyuma ya goti. Baada ya ndege kupaa, vuta begi lako kutoka chini ya kiti cha mbele uweke nyayo juu yake, hadi magoti yalingane na nyonga au yazidi kidogo. Pitisha kiganja kati ya paja na ukingo. Kikipita bila kubanwa, umepatia.

Kisha kila nusu saa ukiwa macho: visigino chini, inua vidole, shusha; vidole chini, inua visigino, shusha. Fanya mara 20 hadi 30, kwa nguvu kiasi cha kuhisi shavu la mguu linakaza. Kila baada ya saa mbili simama na utembee hadi mwisho wa ndege. Dawa ya usingizi tunaikataa kabisa hapa, kwa kuwa humfanya mtu alale saa 6 katika mkao mmoja, mguu umejikunja.

Soksi za kubana zinasaidia, zile za kuishia chini ya goti zenye mgandamizo wa milimita 15 hadi 30 za zebaki kwenye kifundo. Pima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu asubuhi ukiamka, kabla miguu haijajaa, ndipo ununue. Ikikunjika juu, usiiache hivyo: ule mkunjo hugeuka kamba inayofunga mguu.

Aspirini usimeze kwa ajili ya safari peke yake. Faida yake kwa donge la aina hii ni ndogo, na inaweza kusababisha tumbo kutoka damu. Baada ya kushuka, ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na shavu lake linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa kifua ghafla au pumzi ikakata, hiyo ni dharura. Dalili zinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya safari.

SWALI: Mwanangu wa miezi 7 alilia tangu ndege ilipoanza kushuka hadi tukatua. Nifanyeje safari ijayo?

Pole, mama. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba chenye hewa, kinachopumua kupitia mrija mwembamba unaofunguka kooni. Ndege ikipanda, hewa ya ndani hutoka kwa urahisi. Ikishuka, hewa ya nje huzidi nguvu, huusukuma mrija ujifunge, na ngoma huvutwa ndani. Hapo ndipo penye maumivu. Mrija hufunguka mtu anapomeza, na aliyelala humeza mara chache sana.

Kwa hiyo mwamshe. Ndege huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, mara nyingi kabla hata ya tangazo la kufunga mikanda. Muulize mhudumu, au tazama namba za mwinuko kwenye skrini. Zikianza kupungua, mnyonyeshe. Kosa linalofanyika sana ni kumaliza maziwa yote mapema, kisha dakika 15 za mwisho zinakuta mtoto ameshiba na hataki tena. Mpe kidogo kidogo. Kama ni chupa, mwinue kichwa. Kilio nacho hufungua mrija, kwa hiyo usijilaumu akilia.

Mtu mzima abane pua kisha ameze mate. Ikishindikana, abane pua, afunge mdomo na apulize polepole. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuumiza sikio.

Kile kitanda kidogo cha ukutani kiombe kwa simu mara tu unapokata tiketi, na uulize kikomo cha uzito, ambacho aghalabu ni kama kilo 10 au 11. Jiandae pia kwamba taa ya mikanda ikiwaka, mtoto lazima atolewe kitandani hata kama ndiyo kwanza amesinzia.

SWALI: Kwa nini tumbo hujaa gesi na chakula hakina ladha?

Hewa ndani ya ndege hugandamizwa hadi ilingane na ya mlimani, kwenye mwinuko wa mita 1,800 katika ndege mpya kama 787 na A350, na hadi 2,400 kwa nyingine. Gesi iliyoko tumboni hapo hutanuka kwa robo hadi theluthi. Siku ya safari punguza maharage, kabichi na soda, na uvae kiuno kisichobana. Unyevu wa hewa nao mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, pua hukauka, na ulimi husikia chumvi na sukari kwa shida. Kunywa kikombe cha maji kila mhudumu anapopita. Maji ya bomba la chooni si ya kunywa. Anayevaa lenzi za macho avue, avae miwani.

SWALI: Nitalalaje nimekaa?

Chagua dirishani. Kunja blanketi kama mkate mrefu, ulichomeke nyuma ya kiuno, usawa wa mkanda. Mgongo ukishikiliwa hapo, nyonga haitelezi mbele. Kwenye viti vingi kile cha kuegemea kichwa hupanda na masikio yake hukunjika ndani, basi yakunje. Mto wa shingo wenye mgongo mnene husukuma kichwa mbele. Ugeuze, unene uje chini ya kidevu. Vizibo vya masikio ni muhimu kuliko kitambaa cha macho, kwani mvumo wa injini hauachi hata dakika moja. Na funga mkanda juu ya blanketi, siyo chini yake: ndege ikitikisika, mhudumu atauona na hatakuamsha.

SWALI: Pawabenki yangu ya mAh 20,000 inaruhusiwa?

Zidisha 20,000 kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000: unapata wati-saa 74. Kikomo cha kawaida ni 100. Kuanzia hapo hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Iweke kwenye begi la mkononi tu, kamwe isiende kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ikishika moto kule hakuna wa kuifikia.

SWALI: Nakwenda mashariki, tofauti ya saa 7. Nitazoea lini?

Mwili husogea takriban saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu zaidi. Watu wengi hukosea kwenye mwanga. Kama nyumbani huamka saa 12 asubuhi, mwili hufika kilele cha usiku wake karibu saa 10 alfajiri. Kwa saa za huko uendako, hiyo ni saa 5 asubuhi. Mwanga mkali kabla ya saa hiyo huurudisha mwili nyuma, na baada yake huusukuma mbele. Siku ya kwanza vaa miwani ya jua hadi saa 5, kisha toka nje mchana wote. Kesho yake toka saa 4, keshokutwa saa 3. Ukizidiwa mchana, lala dakika 20 hadi 30 na kengele ya simu iwe imewekwa mbali na kitanda.