Waulize Wajuzi: Kitako cha Kiganja

*Nina kibanda cha M-Pesa Kondele na hufunga saa tatu usiku. Mpwa wangu anasema makomando wa vita vile vya Hitler walifundishwa kupiga kwa kiganja, si kwa ngumi. Si ni kofi tu hilo? — Mama wa kibanda, Kisumu*

Hapana, mama. Kofi hutua kwa vidole na bapa la mkono, huwasha, basi. Pigo analosema mpwa wako hutua kwa kitako cha kiganja. Egemea ukuta kwa mkono mmoja, vidole vikielekea juu: pale panapobeba uzito wako ndipo penyewe. Nyuma yake kigasha kimenyooka, kwa hiyo nguvu haina pa kupotelea. Ngumi ni mifupa myembamba. Asiyeizoea akigonga fuvu, mara nyingi huvunjika mfupa unaobeba kidole cha mwisho, na hapo hata ufunguo wa kufuli hutauweza.

Mpwa wako hakukosea. William Fairbairn alijiunga na polisi wa Shanghai mwaka 1907, akakaa huko zaidi ya miaka 30. Mwaka 1940, akiwa na miaka 55, yeye na mwenzake Eric Sykes walianza kuwafunza makomando wa Uingereza kule Scotland. Muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo walichagua mapigo machache ambayo mtu hayasahau akiwa na hofu. La kitako cha kiganja kidevuni lilikuwa mojawapo.

Nalo ni la karibu sana: likufae, mtu awe amekufikia hadi unaweza kushika shati lake. Mkono uanzie ubavuni, kiwiko kimekunjwa. Usiurudishe nyuma kwanza, atauona. Pindua kiganja, vidole virudi nyuma vikiwa vimetanuka kidogo, kisha upandishe mkono ukiambaa kifua chake hadi chini ya kidevu. Nguvu itoke mguuni: kisigino cha nyuma kinainuka, kiuno kinasukuma, mkono unafuata. Kichwa kikienda nyuma, miguu yake haimshiki tena. Makomando waliongeza goti la kinena papo hapo. Wewe ongeza mbio na kelele, uelekee kwenye taa na watu.

Wengi huharibu kwa vidole. Ukivielekeza mbele ndivyo vinavyogonga kwanza, navyo huteguka. Wengine hutanua kiwiko kama bawa la kuku, pigo likapita kando ya taya. Na akiwa hatua mbili mbali, usimfuate. Hapo una nafasi ya kukimbia, itumie. Akitaka simu au pesa tu, mpe.

*Tunaambiwa ukipiga pua kwa kiganja kutoka chini, mfupa huingia kwenye ubongo mtu akafa. Kweli? — Mwanafunzi, Kakamega*

Ni porojo za filamu. Sehemu kubwa ya pua ni gegedu, na mifupa yake midogo huvunjikavunjika tu. Atatoka damu na machozi, hataona vizuri kwa muda. Hatari yenyewe iko kwingine: mtu anayeanguka chali akagonga kisogo kwenye saruji. Kwa sababu hiyo, mazoezini kidevu cha mwenzako hakiguswi kamwe. Jazeni gunia kwa matambara ya mitumba, mlifunge kwenye mti kwa urefu wa kidevu. Anzeni taratibu, mara 10 kila mkono. Kifundo cha mkono kikiuma, pumzikeni. Aghalabu mkono ulikuwa umelegea au umegonga kimshazari.

*Nikijitetea nikamwangusha, si nitashikwa mimi? — Mwendesha boda, Nakuru*

Unaweza kuhojiwa, ndiyo. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinatambua kujitetea, kikifuata misingi ya sheria ya Uingereza iitwayo "common law". Kinachopimwa ni kama hatari ilikuwepo na kama nguvu uliyotumia ililingana nayo. Pigo moja la kujinasua linaelezeka. Teke analopigwa mtu aliye chini tayari ni shida, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Wenzako wa steji wakija mbio na rungu, wazuie, maana maelezo yako yataharibika pamoja na yao. Nenda kituoni usiku huohuo kabla yeye hajafika na hadithi yake, upewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Kama umeumia, omba fomu ya P3 ijazwe na daktari alama zikiwa bado mbichi.