Jibu: Nyota inafifia kila siku 3, je, ni sayari?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: kwenye data za TESS, darubini ya angani ya NASA inayotafuta sayari, nyota yako inafifia asilimia 2 kila baada ya siku 3, na hujui kama ni sayari au nyota mbili zinazozungukana na kuzibana mwanga kwa zamu.

Kwanza tenganisha mififio ya namba witiri na ya namba shufwa, ulinganishe kina. Kikitofautiana waziwazi, ni nyota mbili, na mzunguko halisi ni siku 6. Kwangu kipimo hiki ndicho kinachochuja sayari bandia nyingi. Mfifio wenye umbo la V kwenye grafu nao unatia shaka, ingawa sayari inayopita ukingoni mwa nyota hutoa V vilevile, kwa hiyo usiitupe kwa hilo tu.

Kisha tafuta kipenyo cha nyota kwenye orodha ya nyota ya Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima nyota. Mshtarii ukipita mbele ya Jua huziba takriban asilimia 1 ya mwanga. Asilimia 2 kwa nyota kama Jua bado inawezekana. Kwa nyota jitu, sahau sayari.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni majirani. Pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani, si cha muda), kwa hiyo nyota ya pembeni inaweza kufifia lawama ikaangukia yako. Angalia ni pikseli ipi hasa inayofifia.

Sijaiona grafu yenyewe. Hata ikipita yote haya, mwanga pekee haukupi uzito: kibete cha kahawia (kitu kizito kuliko sayari lakini chepesi kuliko nyota) kinaweza kulingana na Mshtarii kwa ukubwa. Hapo inahitajika spektrografu, chombo kinachotawanya mwanga wa nyota ili kupima jinsi inavyoyumba.