Kioo cha rangi nyuma ya jiko la gesi: kitahimili?

SWALI: Tunamalizia nyumba Kisasa, Dodoma. Badala ya vigae, nyuma ya jiko la gesi nataka kioo kimoja kikubwa kilichopakwa rangi nyeupe. Fundi anasema atanunua kioo cha kawaida cha milimita 6, akipake rangi ya mafuta kwa nyuma, akibandike kwa silikoni, kisha atoboe matundu ya soketi. Kitahimili moto? Na kati ya sebule na sehemu ya kulia, naweza kuweka kioo chenye kitenge ndani?

JIBU: Dada, hongera kwa ujenzi. Tafadhali msimamishe fundi kwanza.

Kioo cha kawaida huumizwa na joto lisilolingana. Palipo karibu na moto panapanuka, pembeni pamebaki pabaridi. Tofauti ikifika nyuzi joto 40 hivi, kinaweza kupasuka. Nyuma ya jiko weka kioo kilichoimarishwa kwa joto. Hicho hupashwa kiwandani hadi zaidi ya nyuzi 600, kikapozwa ghafla kwa upepo. Huhimili tofauti ya karibu nyuzi 200, na kikivunjika huwa chembe ndogo butu, si mapande yenye ncha. Ila kikishatoka kwenye tanuru hakikatwi wala hakitobolewi. Drili ikikigusa, kinasambaratika chote. Kwa hiyo vipimo vya soketi vichukuliwe plasta ikiwa imekauka na kabati zimeshafungwa. Matundu yatangulie, tanuru ifuate, rangi iwe ya mwisho.

Kuhusu weupe: kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani yake, ndiyo maana ubavuni ni kijani. Rangi nyeupe nyuma yake itaonekana ya kijani pia. Weka kipande juu ya karatasi nyeupe ujionee. Kipo kioo chenye chuma kidogo sana, bei yake juu. Mfuko ukibana, mimi ningechagua rangi ya udongo au kijivu kilichokolea, maana hapo ukijani haujitokezi.

Rangi ya mafuta haishiki vizuri kwenye kioo, hubanduka. Tafuta rangi ya vioo inayochanganywa na kikazio, ipulizwe ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa vumbi letu la Dodoma hili si la kupuuza: punje ikinaswa kati ya kioo na rangi, utaiona kwa mbele siku zote. Na silikoni yenye harufu ya siki ikatae, kwani asidi yake hula rangi. Omba isiyo na asidi.

Kitenge kinawezekana, tena kinapendeza sana. Hubanwa kati ya vioo viwili kwa utando wa plastiki, kwa joto na mgandamizo, kazi ya kiwandani. Kikivunjika, vipande hubaki vimeshikwa na utando, jambo jema penye watoto. Usikiweke nyuma ya jiko, joto hulainisha utando huo. Kingo zisilowane wakati wa kupiga deki, na jua la dirishani lisikipige moja kwa moja, litapausha kitenge.

Kwa usafi, kausha kioo kwa kitambaa kila ukikiosha. Maji yetu yana chumvichumvi; yakikaukia pale huacha madoa meupe.