Wasomaji Wauliza: Nguo inapoonekana na kamera

*Mimi ni fundi cherehani Kisauni. Nimeanza kumvalisha mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Shati tulilomnunulia lilipendeza dukani, lakini kwenye runinga mistari yake ilikuwa ikicheza kama maji. Kosa liko wapi?*

Kosa ni upana wa mistari. Mistari myembamba iliyokaribiana hugongana na safu za vitone vinavyopokea picha ndani ya kamera, yakazuka mawimbi ambayo kitambaani hayapo. Drafti ndogondogo hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kulipa, piga video ya kitambaa kwa simu ukianzia mita moja, kisha rudi nyuma polepole hadi mita 3. Kikicheza, kiache. Kisipocheza, bado kijaribu studioni, maana simu huchuja tu, haihukumu.

Rangi moja iliyoiva, kama damu ya mzee, zambarau au buluu, ndiyo salama zaidi. Kanzu nyeupe pepe ni mtego: mpiga picha akipunguza mwanga ili nyeupe isiungue, uso wa mvaaji nao unafifia. Chukua ya rangi ya maziwa. Buibui jeusi mbele ya pazia jeusi huacha kichwa kikielea, kwa hivyo omba mtandio wa rangi au taa ya nyuma. Na kama studio inatumia pazia la kijani kubadilisha mandhari, nguo ya kijani itatoboka na ramani ya hali ya hewa ionekane tumboni.

Ukishona gauni la leso kutoka Biashara Street, angalia jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye leso, linaangukia wapi. Likikaa kifuani, watu wataacha habari wasome fumbo, na jirani mmoja lazima ataamini ni yeye anayesemwa.

*Mtangazaji wetu anapenda madera, lakini fundi wa sauti hulalamika kila siku. Nimshauri avae suti?*

Mwache na dera lake. Shida ni kwamba halina mshipi wa kubeba kile kisanduku cha kipaza sauti. Mfunge mkanda wa mpira wa sentimita 3 au 4 kiunoni, chini ya dera, kisanduku kikae mgongoni. Toboa tundu dogo kwenye mshono wa ndani, lizungushie uzi, upitishe waya hapo. Kipaza sauti hukaa sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na mtandio usikiguse kabisa: kila akigeuka, msuguano wake husikika kama mtu anayekunja karatasi. Bangili zivuliwe. Hariri ngumu inayochakarika ni ya harusini.

*Mkoba wa kazi uwe na nini?*

Pini kubwa na ndogo, sindano zilizokwisha tungwa uzi mweusi na mweupe, utepe unaonata pande mbili, vibanio vya kubana shati mgongoni, pasi ya mvuke, vifungo vya akiba. Pedi za makwapa usizisahau wakati wa kaskazi. Kijivu na samawati hafifu huonyesha jasho kwanza. Shati livaliwe kabla ya poda, kisha karatasi laini izungushwe kolani. Ukichelewa, mtandazie uso kitambaa chepesi nguo inapopita kichwani.

*Duka linaniazima nguo. Nijilinde vipi?*

Zipige picha mbele na nyuma mkiwa na mwenye duka, andikeni bei ya kila moja na siku ya kurudisha, wote mtie sahihi. Lebo isikatwe, ifiche kwa pini.