Usilipie ndoo kabla hujaiona rangi usiku

Mkuu SIMAMA HAPO HAPO. Umechagua rangi ya ukuta, krimu, kwenye kadi ya dukani na kesho unalipia ndoo tatu? Nimesoma mpaka hapo vidole vikaanza kuwasha.

2021 nilikuwa namalizia nyumba Kibada, nikataka hiyo hiyo, ofuwaiti iliyoelekea krimu. Kijana wa dukani akanifungulia kitabu cha rangi, vipande vidogo kama stempu, nikaweka kidole kwenye kimoja kinafanana kabisa na tui la pili. Akachanganya kwenye mashine ndoo tatu za lita 20, kila moja 165,000, na kwamba ikishachanganywa hairudishwi akanambia baada ya kuhesabu hela zangu.

Fundi kapaka ukuta wa kwanza, nikaona mbona njano? "Bosi, ikikauka itatulia." ITATULIA! Rangi ya maji ikikauka mara nyingi inakolea jamani, na yeye kashika brashi miaka kumi na tano eti hajui.

Mchana ilikuwa afadhali, hadi nikapiga picha nikaweka status. Jioni sasa nikawasha taa, nimefunga balbu za njano zile za 3000K sebule nzima, chini marumaru za kahawia, kuta nne zinarudishiana mwanga zenyewe kwa zenyewe, nyumba ikawa imesiribwa samli. Mama mkwe alipokuja akagusa ukuta halafu akanusa kidole. Nilicheka, nikajua anatania, ila siku hizi sina uhakika.

Fundi huyo huyo akashauri niweke balbu nyeupe. Nikaweka. Samli ikaondoka, ikaja kijani ya wodini, kila mgeni akikaa kwenye kochi unamuona ana malaria.

Nikarudia nyumba nzima, ndoo tatu nyingine na laki tatu za fundi (fundi mwingine!), karibu laki nane imeyeyuka, ndo maana mpaka leo kochi ni lile lile la geto.

Sasa sikiliza, nunua LITA MOJA. Paka kipande cha mita kwa mita kwenye ukuta wenye dirisha na kingine kwenye ukuta unaotazamana nalo, juu ya skimingi (ile plasta ya kulainisha ukuta) iliyokwisha pigwa praima (rangi ya msingi), koti mbili, yaani unapaka mara mbili, siyo moja, acha ikauke. Halafu iangalie asubuhi, iangalie saa kumi jua likiingia, na usiku iangalie kwa balbu utakazoishi nazo, siyo ile moja ya fundi inayoning'inia kwenye waya. Mimi raundi ya pili nilipaka vipande vitatu, kilichoshinda ni kile ambacho kitabuni nilikidharau nikaona ni nyeupe ya karatasi tu. Ukutani ndo kikawa tui.

Uliuliza pia silki (yenye mng'ao) au mati (isiyong'aa)? Silki kama una watoto, inafutika, ila inaanika kila bonde la skimingi. Ndoo ngapi, lita moja kwenye ukuta laini inaenda kama mita za mraba 10 kwa koti moja, piga hesabu mwenyewe, ila BAADA ya ile lita moja.

Na mapazia uliuliza nini vile? Ngoja kwanza, hiyo kadi yenyewe uliiangalia chini ya taa gani?