Mikro nane, kompyuta moja: kwa wanaoanza kurekodi

Wanaoanza kazi ya kurekodi hapa Bukavu mara nyingi huitwa kwanza na kwaya ya parokia au na kundi la vijana wa Kadutu, wala si na mwimbaji mmoja. Kwa hiyo suala la kurekodi mikro nyingi kwa wakati mmoja huwakuta mapema, kabla hawajazoea hata kurekodi sauti moja.

Kabla ya programu, chunguzeni kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Miksa inaweza kuwa na matundu 12 pamoja na waya wa USB, lakini nyingi za bei nafuu hupeleka kwenye kompyuta chaneli 2 tu, yaani mchanganyiko uliokwisha kufanywa, kushoto na kulia. Mkiirekodi kwaya kwa namna hiyo, hamtaweza baadaye kupunguza ngoma bila kuwapunguza na waimbaji. Someni kwenye karatasi ya maelezo idadi ya chaneli za USB, kwa maana muuzaji kwa kawaida huhesabu matundu.

Wengine hufikiria kuunganisha kadi mbili ndogo za sauti, yaani vifaa viwili vya kuingizia sauti kwenye kompyuta. Kwenye Windows, programu inayotumia ASIO, yaani njia ya kuwasiliana na kadi ya sauti, kwa kawaida hukubali kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. MacOS inaweza kuvifanya viwili vionekane kama kimoja. Hata hivyo kila kadi hufuata saa yake ya ndani, na mwendo wa saa hizo ukitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, bila kusahihishwa, baada ya dakika 60 za ibada sauti zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 72, kiasi ambacho sikio hukitambua. Mimi ningeazima kadi moja yenye viingilio 8 kuliko kununua mbili ndogo.

Ndani ya programu, iwe Reaper, Ardour au Cubase, fungueni traki moja, yaani mstari wake wa kurekodia, kwa kila mikro, kila traki ipewe kiingilio chake, kisha zote ziwekwe tayari kurekodi. Traki mpya mara nyingi hujielekeza kwenye kiingilio cha 1, na hapo mtu hujikuta na nakala nane za soprano bila besi hata moja. Mmoja wenu apite kwenye kila mikro akitaja namba yake wakati mnarekodi. Sauti hiyo itawasaidia pia siku ya kuchanganya.

Kuhusu nafasi kwenye diski, chaneli 8 kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 huchukua takriban gigabaiti 4 kwa saa.

Umeme ndio unaodai uangalifu zaidi. Kompyuta ya mkononi ina betri, lakini kadi yenye viingilio 8 kwa kawaida hutegemea umeme wa ukutani, hivyo umeme ukikatika kadi huzimika na kurekodi hukoma, ingawa kioo bado kinawaka. Kama mna onduleri moja tu, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ichomekeni kadi hiyo kwanza, hata kama mwenye ukumbi anaililia taa.